Kiwanja cha Nandagala

Ruangwa Mjini,
14 Juni 2023

Kaka Swalehe,

Shikamoo. Assalam aleikum wewe, wifi Hadija na watoto. Sisi wazima. Samia alishikwa na malaria, sasa amepona na anakula mpaka anafuta sufuria. Genge langu la chapati na maharage linaenda. Ufuta wa mwaka huu umewapa watu furaha, na wakifurahi wanakula nje ya nyumba zao.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ya kwenu mpaka mtu apande kilimani, na pale juu wote wanaotafuta mtandao wanasikia mambo yako. Dionisia wa samaki atakufikishia siku ya gulio.

Kaka, nimechoka kupanga. Juzi mtoto wa mwenye nyumba alikuja amelewa, akaupiga mlango wangu mateke mpaka bawaba zikang'oka. Anadai Samia amemdharau njiani. Nilitoka uani nikamkuta amemkamata binti yangu nywele, anamgonga kichwa ukutani. Nilimpiga mwiko wa ugali usoni mpaka ukavunjika. Sasa baba yake ananiambia nihame. Nitahama, ila sitaki tena kuhamia kwa mtu.

Nimepata kiwanja Nandagala, cha shemeji yako Shaibu. Kiko kando ya barabara, udongo mwekundu mgumu, minyaa pande mbili. Nilikwenda kukitazama wakati wa mvua, maji hayatuami. Shaibu anasema mama yao aliwaachia watatu, yeye, wifi Hadija na mdogo wao Amri. Naomba wifi akubali na aje aweke dole gumba. Amri yuko machimboni, Shaibu anasema hana neno. Wewe umeoa kwa watu hawa, unawajua kuliko mimi. Kweli hana neno?

Mdogo wako,
Ashura


Kiegei,
2 Julai 2023

Mdogo wangu Ashura,

Marahaba. Waaleikum salam. Pole kwa Samia, na pole kwa mwiko. Ungetumia mchi.

Huku tumetoka kuzika. Jamali wa bondeni alipigwa jembe la kichwa na ndugu yake wa tumbo moja, wakigombania mpaka wa shamba la mbaazi. Shamba lenyewe ukisimama upande huu unaweza kutema mate yakaangukia upande wa pili. Ndugu yake alikaa pale pale kando ya maiti mpaka wakaja kumfunga kamba.

Kiwanja si kibaya. Lakini usianze kuchora nyumba kabla hujaijua ardhi. Waite majirani wa pande zote, kila mmoja asimame kwenye mpaka wake aseme kwa mdomo wake kwamba hapa ndipo. Waulize nani alilima pale, na nani alimkataza. Chimba shimo uone udongo wa chini. Ulizia kama barabara itapanuliwa. Uuziwe mbele ya serikali ya kijiji, si chini ya mti na watu wawili. Hayo yakikamilika ndipo umwite fundi.

Hadija amekubali na atakuja. Kuhusu Amri, subiri arudi aseme mwenyewe. Subiri tu.

Salfa, dawa ya mikorosho, imechelewa mwaka huu.

Kaka yako,
Swalehe


Ruangwa Mjini,
27 Agosti 2023

Kaka,

Shikamoo. Wifi alifika salama, asante kwa mizizi ile ya ming'oko, tuliila yote usiku ule ule. Samia anakusalimu.

Nimenunua. Najua uliniambia nisubiri, ila hukuniambia kwa nini. Mbele ya mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, Shaibu alimpigia Amri simu na kuweka sauti kubwa. Wote tukasikia: "Uza tu, kaka, mimi sina shida." Majirani walisimama kwenye mipaka kama ulivyoagiza. Upande wa magharibi yuko Mahona, mfugaji aliyekuja kutoka kanda ya ziwa na mkewe Limi. Watu waliniambia ng'ombe wake watanisumbua. Mimi nimeona mtu anayeniletea maji ya matofali kwa mkokoteni wake na akipewa chai anashukuru.

Tanuri limechomwa. Nimepata fundi kutoka Nachingwea, Nicholaus, kijana mpole, anaimba nyimbo za kanisani akipima kamba.

Alhamisi Amri alitokea. Hakusalimu. Aling'oa kigingi cha kwanza, cha pili, akavitupa barabarani.

"Nani amekuuzia kaburi la mama yangu?"

"Mama yako amezikwa msikitini, Amri," nikamwambia. "Nawe ulisema uza, tumekusikia."

"Mimi? Simu yangu imeuzwa tangu Ramadhani."

Basi Shaibu alimpigia mtu mwingine ajifanye Amri. Nilimwambia Amri twende kijijini tuyamalize. Akanishika taya kwa mkono mmoja, akanigeuza uso nitazame matofali. "Yatazame vizuri," akasema. Taya linaniuma mpaka leo.

Unajua nini kuhusu mtu huyu, kaka? Niambie.

Ashura


Kiegei,
15 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefurahi kwa kiwanja, Mungu akijaalie baraka. Mabibo yameanza kudondoka, watoto wananuka mabibo mpaka shuleni. Paa la jikoni limevuja, nitalitazama.

Usigombane na Amri. Simamisha ujenzi kwanza.

Hadija anasalimu.

Swalehe


Ruangwa Mjini,
4 Oktoba 2023

Kaka Swalehe,

Shikamoo. Samia mzima. Mimi sijui.

Nilisimamisha ujenzi kama ulivyosema. Kijiji kikamwita Amri, hakuja. Wakamwita tena, hakuja. Mtendaji akasema basi endelea, mnunuzi hana kosa, wenye ugomvi ni ndugu na ndugu. Nikamrudisha Nicholaus.

Jumanne asubuhi alikuwa anapanga mstari wa kwanza wa tofali kwenye msingi. Vibarua wawili wanakoroga udongo, Mahona anashusha mapipa ya maji, mimi nimeinama nachochea uji. Nikasikia pikipiki. Amri alikuwa nyuma, mwenzake anaendesha, na mwingine anakuja kwa miguu na nyundo. Walianza kwa kuvunja tofali. Vibarua wakakimbia. Nicholaus alisimama ndani ya mtaro wa msingi na mwiko wake mkononi, akasema, "Ndugu zangu, mimi nimeajiriwa tu. Kaeni na mama mzungumze."

Amri akamkata. Panga liliingia kati ya bega na shingo likakwama. Ilibidi aweke mguu kifuani kwa Nicholaus ndipo akalichomoa. Nilisikia lile panga likitoka, kaka. Bado nalisikia nikikata nyama gengeni.

Mahona aliruka na fimbo yake, akamvunja mkono yule mwenye nyundo, akamrukia Amri. Amri alimchana shavu, kisha wakapakiana wakakimbia. Mahona akavua shati, akalikandamiza kwenye jeraha, akamlaza Nicholaus juu ya mkokoteni, akawachapa ng'ombe kuelekea barabarani. Njiani watu waliona mfugaji aliyelowa damu anambeba fundi anayekufa. Kumbe Amri alikuwa amepita kwa pikipiki na kupiga kelele kwamba ng'ombe wamebomoa msingi wangu na mfugaji amemkata fundi kwa panga.

Wakati wa adhuhuri walikuwa wameshajaa. Watu ninaowauzia chapati. Walichoma nyumba ya Mahona, wakaingia zizini na mashoka wakakata ng'ombe mishipa ya miguu ya nyuma, ng'ombe wanajikokota kwa miguu ya mbele huku wanalia. Mahona walimrudisha kutoka barabarani wakampiga kwa tofali. Tofali zangu. Walizichukua moja moja kutoka kwenye tanuri langu. Limi na watoto aliwaficha bibi mmoja jirani ndani ya ghala lake la mahindi, akakaa mlangoni akawaambia vijana wale, ambao wengine ni wajukuu zake, "Mnianze mimi." Ndiyo maana wapo hai.

Mimi nilisimama pale. Nilifungua mdomo. Haikutoka sauti.

Polisi walipofika walimchukua Mahona kama mhalifu, na labda hilo ndilo lililomwokoa. Nicholaus alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Hakusema jina la mtu.

Ashura


Ruangwa Mjini,
26 Oktoba 2023

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Dionisia anasema barua alikukabidhi mkononi na uliisoma umesimama.

Mahona yuko mahabusu kwa kesi ya mauaji. Jicho moja halioni tena. Vibarua wametoweka, na neno la Limi hakuna anayelisikiliza kwa sababu ni mkewe. Nimebaki mimi. Polisi wameniita mara mbili, na mara zote mbili nimewaambia nilikuwa nimeinama kwenye uji, sikuona.

Nilisema hivyo kwa sababu Shaibu alinitangulia. Alikuja gengeni mchana, akala chapati, akasema, "Ashura, sisi ni ndugu. Ukisema hukuona, kiwanja ni chako maisha. Ukisema uliona, Samia anapita njia gani kwenda kuteka maji?" Akanawa mikono akaondoka.

Limi anakuja kila siku gengeni. Haombi kitu. Anaosha vyombo vyangu. Jana alisimama na sahani mkononi akasema, "Mama Samia, sikuombi uende polisi. Nataka tu unitazame usoni." Sikuweza.

Sasa nikuulize. Dionisia anasema kuna mwanaume anapasua kuni uani kwako, na alipomwona aliingia ndani haraka. Ni nani?

Ashura


Kiegei,
12 Novemba 2023

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Korosho ni nyingi mwaka huu na tumeshapeleka za kwanza ghalani, tunangoja mnada. Mtoto wa pili ameng'oka meno ya mbele, anacheka kama mzee. Jirani yetu amepata mapacha.

Unauliza kuhusu kuni. Kuni tunapasua kila mwaka kabla ya mvua.

Ashura, mkono wako haukushika panga. Fundi amekufa, huwezi kumfufua. Yule mfugaji atatoka, serikali itaona haina ushahidi, itamwachia. Lakini wewe ukisimama mahakamani ukamtaja ndugu wa mke wangu, nyumba yangu imevunjika. Hadija atalala vipi na mimi, wifi yake akiwa amemtia kitanzi ndugu yake? Analia usiku. Hali chakula. Nakuomba kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya Hadija, nyamaza.

Swalehe


Ruangwa Mjini,
30 Novemba 2023

Kaka Swalehe,

Assalam aleikum.

Nilisoma barua yako mbele ya Limi, yeye anaosha, mimi nasoma. Nilipofika kwenye neno "nyamaza" nilinyanyua macho nikamtazama usoni, na sikuweza kuyashusha tena. Nikafunga genge. Tulikwenda kituoni pamoja. Nimeeleza kila kitu, jina, panga, mguu kifuani. Askari akaniuliza mbona kwanza nilisema sikuona. Nikamwambia niliogopa. Akaandika hivyo.

Siku ya pili walikuja gengeni vijana watatu, jua linawaka, watu wanakula. Mmoja alinikaba kwa mkono nyuma ya shingo, mwingine akapiga teke kikaango. Mafuta yalimwagikia Samia pajani mpaka gotini. Ngozi ilitoka na sketi. Limi alichomoa ukuni uliokuwa unawaka akamchoma nao aliyenikaba, ubavuni, akausukuma na kuusukuma mpaka yule kijana akaniachia. Wateja walikuwa wamekimbia na sahani zao. Samia amelazwa. Anauliza kama atatembea, daktari anasema atatembea.

Ukuni ule ukiwa bado unafuka, nilirudi polisi nikawaambia pia Amri anapasua kuni za nani.

Watakuja. Sijui lini. Nakuandikia ili umtoe wifi na watoto ndani ya nyumba hiyo. Najua barua hii unaweza kumpa Amri akakimbia. Ukifanya hivyo basi, mimi nitakuwa nimeshafanya langu.

Ashura


Hospitali, Nachingwea,
22 Desemba 2023

Ashura,

Marahaba ya zamani, maana safari hii hukuniamkia. Samia anaendeleaje? Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa. Usinicheke herufi.

Barua yako niliipokea mlangoni. Sikumpa Amri. Lakini aliniona uso. Nilipowaita watoto waje tuende kwa jirani kutazama mapacha, akaniuliza, "Mapacha gani saa hizi, shemeji? Wameandika nini?" Nikasema hakuna. Akasimama kati yangu na mlango, panga analo, maana hakuwahi kuliweka mbali tangu alipofika.

Nilinyanyua mkono tu, nikamwambia tuzungumze. Akaukata. Mfupa ulionekana mweupe kama muhogo uliomenywa. Nikaanguka juu ya mwanangu, nikahisi yuko chini yangu anapumua, nikasema sasa la pili litaingia mgongoni.

Halikuja. Hadija alikuwa anatwanga nje. Aliingia na mchi. Alimpiga mdogo wake goti la kwanza kwa nyuma, Amri akapiga magoti, Hadija akampiga mkono wenye panga, kisha goti la pili. Amri analia, "Dada, mimi Amri! Dada, ni mimi!" Yeye anapiga. Aliacha alipoona hawezi kunyanyuka. Kisha akakaa juu ya kinu mlangoni, akamtazama mpaka polisi walipofika jioni.

Nilimwambia, "Hadija, mimi nilikuwa nayafanya haya yote kwa ajili yako."

Akasema, "Hukuniuliza."

Amri amekiri. Na Shaibu amekamatwa kwa udanganyifu wa simu ile na kwa kuwatuma vijana gengeni. Daktari anasema vidole viwili havitakunja tena. Hadija amekwenda kwa ndugu kupumzika kidogo, na watoto. Mvua ikianza atarudi.

Kaka yako,
Swalehe


Ruangwa,
17 Februari 2024

Kaka Swalehe,

Shikamoo. Samia anatembea. Kidonda kimeanza kukauka, anavaa sketi ndefu na amerudi gengeni.

Mahona ametoka. Wamefuta mashtaka. Alifika Nandagala akasimama palipokuwa na nyumba yake, akaokota pembe moja ya ng'ombe kwenye majivu, akaiweka chini. Nilimwendea kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa jicho lake moja, kisha akasema, "Mama Samia, ulichelewa." Ng'ombe waliobaki walikuwa wanne. Wameondoka nao, wanasema Malolo kuna mtu atawapokea. Limi alinikumbatia. Mahona hakugeuka.

Mama yake Nicholaus pia alikuja, mama Catherine. Alitaka kuona mahali. Aliingia ndani ya mtaro akakaa pale alipoangukia mwanawe, muda mrefu. Alipotoka aliniambia nisiache kazi ya mwanawe imekaa nusu. Amenitafutia fundi mwenyewe, binamu wa marehemu. Msingi umekwisha na kuta zimefika madirishani.

Umeandika kwamba wifi amekwenda kwa ndugu kupumzika. Yuko hapa. Alifika tangu Desemba na watoto wawili na kinu chake. Kijiji kimekaa, kimesema fungu lake la urithi lipo pale pale, mimi nikasema ni haki. Tumegawana kiwanja. Amepima upande wake kwa kamba, anafyatua tofali zake mwenyewe.

Ameniambia yale ambayo hukuyaandika. Kwamba Amri alipofika na damu kwenye shati, yeye alitaka kukimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji siku ile ile. Kwamba ulimfungia chumbani. Kwamba alipopiga kelele ulimpiga, na ulimpiga tena kila aliporudia jambo hilo, miezi miwili, huku ukiniandikia mimi kwamba analia kwa sababu ya mdogo wake. Nilimuuliza kwa nini ulifanya hivyo. Akasema, "Alimwogopa Amri. Kunipiga mimi ilikuwa rahisi."

Wewe ni kaka yangu. Baba alipokufa ulinibeba mgongoni kutoka mtoni. Sijui niweke wapi haya mawili.

Usimwandikie barua, hatazisoma. Mvua zimeanza na harudi Kiegei. Ukitaka neno naye, njoo mwenyewe. Usiingie uani. Simama barabarani uite jina lake, useme ulichofanya kwa sauti ambayo mimi na Samia na majirani tutaisikia. Akikuambia karibu, nitakupikia. Akikuambia rudi, urudi, na mimi nitakusindikiza mpaka stendi.

Ashura